Kimea Katika Sufuria la Bi. Mwanaidi

Ninyi vijana mnaoingia jikoni siku hizi mna raha ambayo hamuijui. Kitu kikinata mnakamua sabuni ya maji, mnasugua kwa stilwaya, mnasema mmeosha. Juzi mjukuu wangu Yusta alikuwa anakanda unga wa chapati, akaenda kunawa kwa maji ya moto mbele ya macho yangu, akarudi vidole vimegandana, ananiuliza, "Bibi, mbona haitoki?" Nilicheka mpaka kanga ikanifunguka. Sikumcheka kwa ubaya. Nilijiona mimi mwenyewe, siku yangu ya kwanza kazini Sumbawanga mjini, msichana wa kutoka Mollo ambaye alijua kusonga ugali wa ulezi na kulima matuta, basi.

Nimepika kwa watu karibu maisha yangu yote, na nitawaambia jambo moja ambalo wapishi hawapendi kulisema: kupika ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuondoa kile ulichopika kwenye mikono, kwenye mwiko, kwenye sufuria na kwenye pembe za meza. Mpishi mbaya utamjua kwa chakula chake. Mpishi mzuri mtazame kucha zake.

Kazi nilijifunza kwenye hoteli ya Bi. Mwanaidi. Msifikirie hoteli ya vitanda. Ilikuwa chumba kimoja karibu na stendi, mabenchi na meza za mbao, na jiko la kuni nyuma chini ya bati. Mumewe alikuwa na lori lililokwenda Mbeya na kushuka mpaka Wampembe kuchukua samaki, wanawe walikaa dukani, na yeye mwenyewe aliuza chai, maandazi na chapati, na siku ya Ijumaa pilau. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ndogo. Ukimsikia amenyamaza kabisa, ujue umekosea.

Siku hiyo ya kwanza alinipa beseni la unga nikande. Nikakanda kwa nguvu zangu zote za jembe, nikatia maji mengi kupita kiasi, donge likanipanda mpaka viwikoni. Asubuhi ya Sumbawanga mnaijua baridi yake, basi nikaona birika linachemka, nikamimina maji ya moto kwenye bakuli nikatumbukiza mikono. Lile donge likaiva papo hapo. Vidole vikashikana kama miguu ya bata. Dereva mmoja akaita chai, nikampelekea, na alipokishika kikombe, kikombe hakikuniachia. Yeye anavuta huku, mimi navutwa kule.

"Binti," akasema, "unanipa chai au tunaigombania?"

Hoteli nzima ilicheka. Bi. Mwanaidi hakucheka. Alinishika mkono, akanipeleka jikoni, akachota unga mkavu kiasi cha kiganja na kunimwagia mikononi.

"Sugua. Usitie maji. Sugua kama unayejipaka mafuta."

Nikasugua, na lile donge likaanza kuviringika na kudondoka vipande vipande, mpaka nikaiona ngozi yangu.

"Unga unatolewa na unga," akaniambia. "Maji baadaye, tena ya baridi. Ukitia maji ya moto umeupika, na unga uliopikwa ni gundi. Hujawahi kuona watoto wanabandika tiara kwa uji?"

Nilikuwa nimewaona. Nilikuwa nimebandika mwenyewe. Lakini kichwa changu hakikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili, na hiyo ndiyo kazi ya mwalimu, kuunganisha ambayo tayari unayo.

Zile punje zilizodondoka hakuzitupa. Unga wa ngano wakati ule ulikuwa wa kupanga foleni, na kuna wiki foleni ilikuwepo, unga haukuwepo. Alizikusanya akaziongeza kwenye donge la chapati. Baadaye nilipozoea, niligundua kuwa pumba za mahindi zinafanya kazi ile ile bila kugusa unga wa watu. Pumba zinatoa donge, zinatoa mafuta, zinatoa hata ule uteleziteleze wa mlenda ambao ukiusugua kwa maji unakuzungusha tu kama mtu anayekudai uchumba. Weka kibakuli cha pumba karibu na meza yako ya kukandia. Hakuna anayeziuza kwenye chupa yenye picha ya ua, ndiyo maana mnazidharau.

Bi. Mwanaidi alikuwa na msemo wake: kila kinachonata kina maji yake. Nikamwona anafanya kabla hajanieleza. Kambale wa kutoka Rukwa, akiwa mbichi na ute wake, alimsugua kwa jivu na chumvi, kisha maji ya baridi. Sinia la mayai, maji ya baridi. Asali, maji ya vuguvugu. Ndizi mbichi na papai bichi, hapo maji hayana kazi kabisa. Unapaka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla hujaanza kumenya, na ukisahau ukashikwa na utomvu, unautoa kwa mafuta hayo hayo. Nilisahau mara nyingi. Nilikuwa na kanga moja nzuri ya kwendea kanisani, na madoa ya utomvu wa ndizi yaliyomo humo mpaka leo hayajatoka, wala hayatatoka, kwa sababu niliyakimbilia kwa sabuni nikayapigilia msumari.

Asali niliijua vizuri kuliko wengi wenu, na sababu ni sukari. Kulikuwa na kipindi sukari ilipotea kabisa. Ungeingia dukani ungekuta mwenye duka anapiga mwayo na rafu nyuma yake zina viberiti tu. Watu wa bondeni wakaanza kutuletea asali kwenye madebe, na hoteli ikawa inauza chai ya asali. Mnadhani ni raha? Asali ile ilikuja na masega, na nta yake ilishika kwenye chujio, kwenye birika, kwenye vijiko. Wahudumu wengine walikuwa wanachemsha maji kuitoa, nta inayeyuka, inaenea kila mahali, halafu maji yakipoa inaganda upya, sasa imepaka chombo kizima. Mimi nikafanya kinyume. Asali niliitoa kwanza kwa maji ya vuguvugu, kisha chombo nikakiacha nje usiku. Baridi ya Ufipa ni bure. Asubuhi nta imekuwa ngumu, unaibandua kwa ukucha kama ganda la yai. Na ukitaka kupima asali kwa kijiko, chovya kijiko kwenye mafuta kwanza, asali itateleza yote bila kubaki hata tone. Hilo sikufundishwa na mtu. Hilo ni langu.

Sabuni nayo ilikuwa hadithi. Mche mmoja ulikatwa vipande vidogo kama vya biskuti, na Bi. Mwanaidi alivifungia kabatini pamoja na iliki. Masufuria tuliosha kwa jivu. Lakini jivu lina adabu zake. Lichekeche, maana kipande cha mkaa kikibaki kinachora sufuria, na mchoro huo ndio nyumba ya uchafu wa kesho. Lilowane kidogo tu, lisiwe uji. Tumia kigunzi cha hindi kwa sehemu ya chini na majani ya msasa kwa kingo. Ukimaliza jipake mafuta mikononi, kwa kuwa jivu linakula ngozi kama linavyokula mafuta. Na kuna jambo moja baya kuhusu jivu ambalo sikulijua mpaka siku liliponitia matatani, na hilo ndilo hasa nililotaka kuwaeleza.

Bi. Mwanaidi alikuwa na sufuria. Sufuria la alumini, kubwa, mtoto angeogea humo na kupiga maji mateke. Mumewe alilileta kwa lori miaka ambayo vitu vilikuwa bado vinapatikana, na wakati ninaouzungumzia hapakuwa na jingine la kulingana nalo mtaani kwetu. Lilipikiwa pilau ya harusi, ya hitima na ya Maulidi. Wake wa wenye maduka waliliazima kwa heshima kama mtu anayeazima kitanda cha bibi harusi.

Masika moja kaka yangu Kasiani, huko Mollo, alitaka kuita watu wamsaidie kulima matuta. Walikuwa wamehamia kwenye kijiji kipya, shamba lake lilikuwa mbali, na alikuwa ametoka kuumwa. Watu wakija kukulimia, lazima uwapikie. Mkewe, wifi yangu Skola, hakuwa na chombo. Mtungi wake mkubwa ulipasuka siku ile ya kuhama, ulidondoka kutoka kwenye trekta pamoja na kuku. Akaniomba nimwombee sufuria.

Nikamwendea Bi. Mwanaidi. Alifikiri kidogo.

"Lichukue. Lakini Maulidi inakaribia, nalitaka kabla yake. Na unajua, Leokadia, sufuria langu halipikiwi kila kitu."

"Najua, Bi. Mwanaidi."

"Ninakupa wewe. Simpi kaka yako wala mke wa kaka yako, siwajui. Ninakupa wewe."

Nilimpelekea Skola mwenyewe, nikamwambia wazi: maharage, ugali, nyama kama mtachinja mbuzi. Nguruwe hapana. Pombe hapana. Akaitikia, "Nimekuelewa, wifi." Na nawaapia alikuwa amenielewa, kwa jinsi yake.

Niliporudi kulichukua, matuta yalikuwa yamelimwa, mazuri, yamepangika kilima kizima. Kaka alikuwa na furaha. Nikaingia jikoni. Sufuria lilikuwa kwenye kona, limefunikwa kwa ungo. Nikafunua, harufu ikanipiga usoni kabla sijaona kitu. Chini palikuwa na tabaka la uji mweusi wa ulezi, limeungua pembeni, na katikati lilikuwa linatoa povu.

"Skola, hiki ni nini?"

"Uji, wifi."

"Uji gani unaonuka hivi?"

"Uji wa kimea." Akaweka chini kuni alizokuwa amebeba. "Sasa wifi, watu watoke makwao na majembe yao waje kukulimia, uwape maharage na maji? Kaka yako angechekwa mpaka Kaengesa."

"Nilikwambia nini juu ya sufuria hili?"

"Uliniambia nisipikie pombe. Sikupika pombe. Nimepika uji, nikatia kimea, nikaugawa kwenye mitungi ya majirani. Pombe imejipika yenyewe huko mitungini."

Mnacheka. Lakini kwa Mfipa yeyote wa umri wangu maneno hayo yana akili. Uji wa kimea, yaani wa ulezi uliooteshwa ukasagwa, ni uji. Watoto wanaulamba mwikoni ungali mtamu. Unakuwa kimpumu, ile pombe yetu, baada ya kukaa, na kukaa ulikaa kwenye vyombo vya watu wengine. Skola hakuwa amedanganya. Alikuwa ameweka mpaka pale ambapo mama yake na bibi yake walikuwa wameuweka. Tatizo ni kwamba mabaki hayajui mipaka. Yalibaki chini ya sufuria, na yakachacha humo humo.

Aliponiona nimekaa chini, akaogopa.

"Osha tu, wifi. Wewe si ndiye fundi wa kuosha? Ukiliosha wewe, nani atajua?"

Hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Ningeweza kuliosha. Bi. Mwanaidi angewapikia humo watu wake pilau ya Mtume wao, wangekula, wangeshukuru, na mimi ningebaki peke yangu najua. Na nikisema, kazi yangu pale stendi ingekwisha, na sufuria pekee la mtaa lingeharibika siku chache kabla ya Maulidi. Kaka Kasiani alikuwa amesimama mlangoni. Akavua kofia yake, na nikajua na yeye anaomba ninyamaze.

Nikalitia maji ya baridi, nikaliacha lilowe huku mvua ikinyesha. Ulezi ni unga, na unga mnajua maji yake. Tabaka lile likalegea, nikalibandua kwa mkono kwa vipande vikubwa, nikasugua kwa jivu na msasa mpaka mabega yakawaka moto. Uchafu ukaisha. Nikalisuuza, nikaligeuza kwenye mwanga. Sufuria lilikuwa safi na limekuwa jeusi kama chungu. Ndilo lile jambo baya la jivu nililowaambia. Kwa kiasi kidogo, kwa haraka, halina neno, lakini ukiliacha likakaa kwenye alumini na maji kwa muda, linaipaka weusi. Tena nilikuwa nimepaka kwa wingi. Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa nimelikumbatia kwenye lori kama mgonjwa.

Nilimkuta Bi. Mwanaidi anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi. Mwanaidi."

"Marahaba. Mbona umelifunika kanga? Lina baridi?"

Nikafunua. Nikamwambia yote kama yalivyokuwa, uji, kimea, povu. Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Akanyamaza kabisa, ule unyamavu wake.

"Kuna mtu aliyekuuliza?" akasema mwishowe.

"Hakuna."

"Basi kwa nini unaniambia?"

"Sufuria ni lako. Na dini ni yako. Mimi ninajua maji ya asali na maji ya unga, lakini haya sijui maji yake ni yapi. Unayajua wewe."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilisimama pale nikihesabu nguo zangu kichwani, nizifunge kwenye kitambaa gani niondoke nazo. Nilikuwa naogopa, siwafichi. Kumbe alikuwa amemtuma mwanawe kumwita Maalim Sefu, aliyekuwa akifundisha madrasa mtaani.

Mzee yule alikuja polepole na mwavuli wake. Akaliinamisha sufuria, akanusa, akapitisha kidole, akatutazama sisi wawili tulivyokunja nyuso, akatabasamu.

"Sufuria halijasilimu wala halijaritadi," akasema. "Limeingiwa na kitu. Lioshwe kwa maji safi mpaka isibaki ladha, wala harufu, wala rangi. Yakiondoka hayo, pikieni. Na rangi ikiwashinda baada ya kujitahidi, Mungu anasamehe."

"Sitaki la kusamehewa, Maalim," Bi. Mwanaidi akajibu. "Siyo mbele ya wanawake wa mji huu. Yaondoke yote."

"Ataosha nani?"

"Aliyeliazima."

Basi nikaosha, na safari hii sikuosha peke yangu. Bi. Mwanaidi alivuta kigoda akaketi mbele yangu mwanzo mpaka mwisho, hakushika kitu, alitazama.

Rangi ilinitoa jasho. Kadiri nilivyosugua ndivyo weusi ulivyong'aa. Nikaacha kusugua nikaanza kufikiri, jambo ambalo wapishi vijana huliacha mpaka mwisho. Nikajiuliza ni sufuria lipi jikoni mle lilikuwa jeupe kuliko yote, na nalo ni lile tulilochemshia ukwaju wa futari mwezi wa Ramadhani. Tena halikusuguliwa na mtu. Nikaomba ukwaju. Bi. Mwanaidi akatoa funguo za kabati bila kuuliza. Nikajaza maji, nikatia ukwaju, nikaacha lichemke taratibu, na maji yakapanda rangi ya chai huku ukuta wa sufuria ukirudi weupe kuanzia chini kwenda juu. Kikali hutoa weusi wa jivu. Ukikosa ukwaju, tumia ndimu au nyanya zilizoharibika. Andikeni hilo mahali.

Harufu ilikuwa na ujanja zaidi. Sufuria jeupe, lakini ukiinama, bado kuna kauchachu kanapita. Nikasuuza, nikanusa, kapo. Nikachemsha maji matupu, nikanusa, kapo. Kisha nikalipindua. Masufuria yale ya alumini mdomo wake umekunjwa nje, na chini ya lile kunjo kuna ufa mwembamba unaozunguka duara lote, na pale masikio yalipopigwa ripiti kuna nafasi. Huko ndiko kimea kilikuwa kimejificha. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Nikang'oa unyoya wa bawa la kuku, nikauchonga ncha, nikapita kwenye ufa wote kwa maji ya baridi, na vikatoka vipunje vyeusi vya ulezi, laini, vinavyonata. Mpaka leo nikinunua sufuria naanza kwa kutazama kunjo la mdomo, na ninyi mnaosifu yale masufuria yenu meusi yasiyoshika chakula, tazameni chini ya mfuniko wake kwenye ule mpira, kisha mje tuzungumze.

Ikabaki ladha. Nikachemsha maji safi, nikayaacha yapoe humo humo. Nikachota kikombe, nikataka kunywa mimi kwanza. Bi. Mwanaidi akanyoosha mkono.

"Wewe umezoea kimea. Utajuaje?"

Akanywa. Akayazungusha mdomoni, akameza, akakaa kidogo.

"Maji," akasema. Akaenda zake kuchambua mchele.

Nilidhani yameisha. Lakini Mollo na mjini si mbali, na mdomo wa mtu ni karibu zaidi. Mmoja wa waliolima matuta ya kaka alikuwa utingo wa lori la jirani, na alikuwa amekunywa vizuri sana, na akasimulia vizuri zaidi. Siku ya Maulidi, wanaume wakiwa wamejaa nje chini ya turubai, wanawake walikuwa ndani kwenye mikeka, masinia ya pilau mbele yao, mikono imeshanawiwa. Nilikuwa mlangoni na jagi la maji. Niliona hakuna mkono unaokwenda kwenye sinia. Waliangalia pilau, waliangaliana, waliniangalia mimi. Bi. Rukia, mke wa mwenye duka la vitambaa, alikuwa amekunja mdomo kama aliyeonja shubiri, na mkono wake ameuficha ndani ya buibui.

Bi. Mwanaidi aliwaona. Akasimama katikati ya chumba, na kwa sauti yake ile ndogo akasema:

"Mliyoyasikia ni kweli. Sufuria langu lilipikiwa kimea cha pombe huko Mollo. Aliyeniambia ni Leokadia, kabla ya utingo, kabla yenu. Maalim amelitazama. Leokadia ameliosha mbele yangu, na mimi nimekunywa maji yake kabla yenu. Asiyetaka kula, ndizi zipo."

Kisha akaketi kwenye sinia la Bi. Rukia hasa, si la kwake. Akakata tonge, akala. Akala jingine. Mchele na mafuta vikamshika vidoleni, akavilamba kimoja baada ya kimoja, polepole, kidole gumba mwisho, huku akimtazama Bi. Rukia machoni.

Mkono mmoja ukaenda kwenye sinia. Ukafuata mwingine. Chumba kikaanza kuwa na sauti ya watu wanaokula, nami nikageukia ukuta na jagi langu kwa kuwa machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka yaonekane na watu wote.

Walipomaliza nikaliburura sufuria mpaka uani nikalioshe. Nilikuwa nimeshainama na maji ya baridi mkononi, nikasikia kandambili nyuma yangu. Alikuwa Bi. Rukia, amekunja mikono ya gauni, ana kijiko.

"We Leokadia! Unataka kumwagia maji ukoko?"

Akachuchumaa kando yangu, akaingiza kichwa ndani ya sufuria na kuanza kukwangua.